Krimu za Bangi kwa Ngozi Inayowasha: Soma Kabla Hujanunua

Mtu mwenye pumu ya ngozi au soriasisi anajua usiku ulivyo mrefu. Akishajifunika na mwili ukapata joto, mwasho unapanda, kucha zinaanza kazi, na kunapokucha shuka lina alama za damu. Akiona mtandaoni kichupa cha mafuta ya CBD kinachosifiwa kwamba kinatuliza ngozi, ana haki ya kutamani. Ana haki vilevile ya kuelezwa ukweli kabla hajatoa pesa yake.

Ukweli wenyewe una pande mbili. Upo utafiti makini unaoonyesha kwamba kemikali za mmea wa bangi, ziitwazo kanabinoidi, zinagusa yale yanayoifanya ngozi ivimbe na kuwasha. Hata hivyo, hakuna krimu wala mafuta ya kanabinoidi ambayo mamlaka za dawa za Marekani au Ulaya zimeyaidhinisha kutibu ugonjwa wowote wa ngozi. Dawa ya CBD safi iliyoidhinishwa, Epidiolex, iliruhusiwa Marekani mwaka 2018 kwa ajili ya aina adimu za kifafa zinazoanzia utotoni, nayo hunywewa. Kwa hiyo muuzaji akikuambia kwamba CBD "imethibitishwa na serikali ya Marekani", huenda hasemi uongo kuhusu kifafa, ila kuhusu ngozi yako hajakuambia lolote.

Ngozi ina kanabinoidi zake

Bangi ina kanabinoidi zaidi ya 100, na mbili ndizo zinazotajwa sana. THC ndiyo inayolevya. Raphael Mechoulam na Yehiel Gaoni waliitenga na kuieleza huko Israeli mwaka 1964. CBD hailevyi, na ndiyo inayotiwa kwenye krimu nyingi za siku hizi. Kwa muda mrefu haikueleweka kwa nini mwili wa binadamu unaitikia kemikali za mmea huu. Jibu lilifunguka miaka ya 1990, pale vipokezi viwili vya kwenye seli, CB1 na CB2, vilipotambuliwa vizuri, na mwaka 1992 ikagundulika kwamba mwili wenyewe hutengeneza kemikali ya kuvigusa vipokezi hivyo. Ikaitwa anandamaidi.

Kilichowashangaza watafiti wa ngozi ni kuukuta mfumo huo hata juu ya mwili. Seli za tabaka la nje la ngozi, tezi za mafuta, mashina ya vinyweleo, ncha za mishipa ya fahamu inayobeba mwasho, na seli za kinga zinazomwaga histamini, kemikali inayoleta mwasho, zote zinashiriki. Kwa maneno mepesi, kazi mojawapo ya mfumo huu ni kupoza. Kinga ya mwili inapoanza kushambulia kupita kiasi, kanabinoidi za mwili huituliza.

Ushahidi mmoja mzuri ulipatikana katika Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani, katika kundi la Andreas Zimmer. Watafiti walikuwa na panya waliofugwa bila vipokezi vya CB1 na CB2, na kama ilivyo kawaida ya maabara, waliwavisha vibanio vya chuma masikioni ili kuwatambua. Panya hao wakaanza kuvimba na kujikuna pale penye kibanio. Chanzo kilikuwa mzio wa nikeli, metali ileile inayowatoa vipele watu wengi wakivaa hereni za bei rahisi, mkanda wenye bizimu ya chuma au saa ya mkononi. Utafiti uliofuata, uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2007, ulionyesha kwamba panya wasio na vipokezi hivyo huvimba zaidi wanapokutana na kitu kinacholeta mzio, na kwamba kupakwa THC kunapunguza uvimbe. Nchini Hungary, kundi la Tamás Bíró lilichapisha mwaka 2014 matokeo ya CBD juu ya seli za tezi za mafuta zilizokuzwa maabara: mafuta yalipungua na dalili za uvimbe zikashuka. Kwa mwenye chunusi, hiyo ni habari ya kumfanya ainue kichwa.

Lakini hao ni panya, na hizo ni seli zilizomo ndani ya vyombo vya maabara. Ngozi ya mtu aliye hai ina ukuta wake, na dawa inayopakwa juu lazima ivuke ukuta huo, ifike chini kwa kiasi cha kutosha, ikae muda wa kutosha. Hapo ndipo matumaini mengi yanapokwama.

Krimu ilipimwa dhidi ya nini?

Ukibaki na swali moja tu baada ya kusoma makala haya, naomba liwe hilo. Krimu imeleta nafuu, sawa; lakini nafuu kuliko nini?

Kampuni ya Botanix ya Australia ilichukua CBD iliyotengenezwa kiwandani, ikaifanya dawa ya kupaka, ikaijaribu kwa wagonjwa wa chunusi zaidi ya 300. Matokeo yalitoka mwaka 2019. Waliopakwa CBD walipata nafuu ya kuonekana. Tatizo ni kwamba waliopakwa kimiminika kilekile kisicho na CBD nao walipata nafuu, na tofauti kati ya makundi hayo mawili haikutosha kusema kwamba CBD ndiyo iliyofanya kazi. Mwaka uliofuata kampuni hiyo ikapata matokeo ya namna hiyohiyo kwa pumu ya ngozi. Dawa nyingine, lenabasum, iliyoundwa kugusa kipokezi cha CB2, ilifika hatua ya mwisho ya majaribio kwa ugonjwa unaokaza ngozi na kwa ugonjwa wa kinga unaoshambulia ngozi na misuli pamoja. Majaribio yote mawili hayakufikia lengo, mwaka 2020 na 2021.

Zipo tafiti zenye sura ya kufurahisha zaidi. Mwaka 2008 zilichapishwa taarifa za wagonjwa 2,456 wa pumu ya ngozi waliotumia krimu yenye PEA, kemikali ya mafuta ambayo mwili huitengeneza na ambayo ni ndugu wa anandamaidi. Mwasho ulipungua, ukavu ukapungua, na wengi wakapunguza matumizi ya steroidi, dawa za kutuliza uvimbe. Idadi hiyo ni kubwa na wauzaji huipenda. Ila hakukuwa na kundi la kulinganisha. Wote walipakwa krimu ileile, na krimu yenyewe ilikuwa ya kulainisha ngozi. Mwaka 2005, huko Poland, wagonjwa 21 wa figo waliokuwa wakisafishwa damu kwa mashine na kuteswa na mwasho walipewa krimu yenye kanabinoidi za aina ya zile za mwilini. Kwa 8 kati yao mwasho uliisha kabisa. Hilo si jambo dogo kwa mgonjwa wa figo, ambaye mwasho wake dawa nyingi huushindwa. Nao pia hawakuwa na kundi la kulinganisha.

Jaribio lililonipa moyo zaidi limetoka Thailand na kuchapishwa mwaka 2022. Wagonjwa wapatao 50 wenye soriasisi isiyo kali walipaka marhamu ya CBD upande mmoja wa mwili na marhamu tupu upande wa pili, bila kujua ipi ni ipi. Upande wa CBD ulifanya vizuri zaidi. Hivyo ndivyo jaribio linavyopaswa kuwa. Ni dogo mno kuweza kubadilisha matibabu, lakini linatosha kuwafanya watafiti waendelee.

Kinachonigusa katika habari hizi zote ni nguvu ya ile krimu tupu. Ngozi yenye pumu ni kama ukuta wa udongo uliopasuka: maji yanatoka, vumbi na vijidudu vinaingia, na ndani kinga inapiga kelele. Ukiipaka mafuta mazito mara mbili kwa siku kwa wiki kumi na mbili bila kuruka, nyufa zinaziba. Mgonjwa aliyeandikishwa kwenye jaribio hupaka kila siku kwa sababu anafuatiliwa. Nyumbani hupaka siku tatu, kisha husahau. Kwa hiyo mtu akinunua kichupa cha bei kali, akakipaka kwa bidii kwa sababu kimemgharimu, akapona kidogo, anaweza kuapa kwamba ni CBD. Huenda kilichomsaidia ni mafuta yaliyomo, ambayo angeyapata kwa bei ya kopo la mafuta ya mgando yasiyo na manukato.

Kilichomo ndani ya kichupa

Tuseme CBD inafanya kazi. Bado unahitaji kujua kama imo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walinunua bidhaa 105 za CBD za kupaka nchini Marekani, madukani na mtandaoni, wakazipima na kuchapisha matokeo mwaka 2022. Kati ya zilizotaja kiasi cha CBD, ni asilimia 24 tu zilizokuwa na kiasi kinacholingana na lebo. Nyingine zilikuwa na pungufu, nyingi zaidi zilikuwa na ziada. Bidhaa 37 zilikutwa na THC, baadhi zikiwa zimeandikwa kwamba hazina kabisa. Hiyo ni nchi yenye maabara na wanasheria kila kona. Kichupa kilichopita mikono mitano kabla ya kufika Kariakoo jijini Dar es Salaam au River Road jijini Nairobi kina nani wa kukipima?

Lipo pia suala la mafuta ya mbegu. Kwenye orodha ya viungo utakuta maneno "Cannabis sativa seed oil", na juu ya chupa kumechorwa jani la bangi la kijani kibichi. Hayo ni mafuta yaliyokamuliwa kwenye mbegu za hempu, bangi ya viwandani yenye THC kidogo sana, na mbegu karibu hazina kanabinoidi. Ni mafuta mazuri ya kulainisha ngozi, yenye asidi za mafuta zinazofaa. Lakini si CBD, na anayeyauza kwa bei ya CBD anakuibia.

Kuhusu majani ya bangi yanayochemshwa kwenye mafuta ya nazi na kupakwa, nitasema wazi: usifanye. Hakuna kipimo, kwa hiyo hujui unapaka kiasi gani cha THC. Jani lililokaushwa vibaya huota kuvu, na viuatilifu vya shambani vinabaki juu yake. Mafuta ya harufu yaliyomo kwenye mmea yakikaa na hewa yanaweza yenyewe kuwa chanzo cha mzio, na ngozi iliyochubuka ndiyo iliyo rahisi zaidi kuupata. Kuvuta bangi kwa ajili ya ngozi ni kosa kubwa zaidi. Uvutaji wa sigara unajulikana kuzidisha soriasisi, hakuna ushahidi wowote kwamba moshi wa bangi unatuliza ngozi, na kwa vijana THC inaongeza hatari ya kuchanganyikiwa akili.

Sheria nayo ni jambo la kujua. Nchini Tanzania, Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inaikataza bangi, na nchini Kenya ipo sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994. Rwanda iliruhusu mwaka 2021 kilimo cha bangi ya dawa chini ya leseni, kwa ajili ya kuuza nje; leseni hiyo haimpi mwananchi ruhusa ya kujitengenezea marhamu. Wapo wanaodai kwamba Umoja wa Mataifa "umeihalalisha" bangi mwezi Desemba 2020. Kilichofanyika ni kuitoa kwenye kundi la dawa hatari zaidi zisizo na faida ya tiba, na ikabaki chini ya udhibiti wa mkataba wa 1961. Ndugu aliyeko London au Minneapolis anaweza kununua krimu ya CBD dukani bila tatizo, akaitia kwenye begi kama zawadi, kisha ikamletea matatizo uwanja wa ndege. Kwa wanaosafiri kwenda Ghuba tahadhari iwe kubwa zaidi: katika Falme za Kiarabu bidhaa za CBD haziruhusiwi. Na kwa wanariadha wetu: CBD iliondolewa kwenye orodha ya vitu vilivyokatazwa michezoni mwaka 2018, lakini THC imebaki, na umekwisha kusoma hapo juu jinsi THC inavyojificha kwenye vichupa.

Kwanza ujue unaumwa nini

Watu wengi wanaotafuta krimu ya ajabu hawajawahi kuambiwa jina la ugonjwa wao. Pumu ya ngozi mara nyingi huanza utotoni na kwa wakubwa hupenda mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Soriasisi huja na mabaka yenye kingo zinazoonekana na magamba meupe, hasa nje ya viwiko, magotini na kichwani. Ugonjwa wa mzio wa kugusa hukaa pale kitu kilipogusa: chini ya saa, palipopakwa rangi ya nywele, mikononi mwa fundi saruji. Kwenye vitabu vingi dalili ya uvimbe ni "wekundu", neno lisilotusaidia sana sisi wenye ngozi nyeusi. Kwetu uvimbe huonekana kama weusi uliozidi, zambarau au kijivu, na wakati mwingine kama vinundu vidogo tu. Mwombe daktari aguse, asitazame tu.

Upele wa kuambukizana na fangasi huwasha vilevile, na tiba yake ni tofauti kabisa. Ukiona familia nzima inajikuna usiku, fikiria upele kabla ya mzio. Mtu mzima anayepata ghafla soriasisi kali au magamba mengi yenye mafuta usoni na kichwani apime VVU, kwa kuwa ngozi huweza kutoa dalili mapema.

Eneo letu la Afrika Mashariki lina bahati moja isiyotangazwa vya kutosha. Tangu mwaka 1992, huko Moshi nchini Tanzania, kuna Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi, kwenye hospitali ya KCMC, kinachofundisha wataalamu kutoka nchi nyingi za Afrika, wakiwemo matabibu wanaorudi kufanya kazi kwenye hospitali za mikoa na wilaya. Kabla ya kuagiza kichupa kutoka ng'ambo, uliza hospitali yako ya mkoa kama kuna mtu wa ngozi na siku yake ya kliniki.

Halafu steroidi. Ninaielewa hofu iliyopo, maana tumeona nyuso zilizoharibiwa na krimu za kujichubua zenye clobetasol, steroidi yenye nguvu kupita zote, zilizopakwa kila siku kwa miaka. Hofu hiyo ndiyo inayowapa soko wauza CBD: "yetu haina steroidi". Lakini steroidi ya nguvu inayostahili, mahali panapostahili na kwa siku chache zinazostahili, bado ndiyo dawa inayozima mlipuko wa pumu ya ngozi kwa uhakika zaidi. Usoni na kwa watoto hutumika iliyo hafifu kama haidrokotisoni. Kipimo chake ni rahisi: mstari wa dawa kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi mkunjo wa kwanza, karibu nusu gramu, unatosha eneo la viganja viwili pamoja na vidole vyake. Epuka mirija yenye mchanganyiko wa steroidi, dawa ya fangasi na dawa ya bakteria kwa pamoja inayouzwa kiholela. Ikipakwa kwenye fangasi, steroidi huuficha ugonjwa na kuuacha usambae chini kwa chini. Kwa soriasisi iliyoenea kuna tiba ya mwanga na vidonge vya methotreksati, vinavyohitaji kupimwa damu mara kwa mara.

Na kila siku, mlipuko uwepo usiwepo: oga kwa maji ya uvuguvugu yasiyochoma, sabuni isiyo na manukato na isiyo ya dawa, jifute kwa kubonyeza taulo badala ya kusugua, kisha paka mafuta mazito ngozi ikiwa bado na unyevu. Mama wa mtoto mwenye pumu ya ngozi asione haya kumaliza kopo zima kwa wiki mbili au tatu. Ndivyo inavyotakiwa.

Kama bado unataka kujaribu

Uko mahali ambapo krimu ya CBD ni halali, umeshajua ugonjwa wako, na tiba za kawaida hazikukutosha. Basi jaribu kwa mpango. Nunua yenye ripoti ya maabara huru inayolingana na namba ya toleo la kichupa chako, na uitazame safu ya THC. Paka kidogo sehemu moja ndani ya mkono, mara mbili kwa siku kwa wiki moja. Ukipata vipele, hiyo si yako. Usipake kwenye vidonda vibichi. Ngozi ikiipokea, paka baka moja la upande wa kulia na uache la kushoto likiwa na mafuta yako ya kawaida, ulinganishe mwenyewe baada ya wiki nane. Usiache dawa ya daktari ili kuipisha. Watoto wadogo, wajawazito na wanaonyonyesha wasitumie.

Mafuta ya CBD ya kunywa ni habari nyingine. Ini ndilo linaloyachakata, kwa njia zilezile zinazochakata dawa nyingi. CBD inaweza kuongeza kiwango cha tacrolimus kwa aliyepandikizwa figo, au nguvu ya warfarini kwa anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Rifampisini ya kifua kikuu nayo hupunguza CBD yenyewe. Kwa dozi kubwa CBD huweza kuumiza ini. Nchini Uingereza wakala wa viwango vya chakula alishusha mwezi Oktoba 2023 kiasi kinachoshauriwa kwa mtu mzima mwenye afya kutoka miligramu 70 hadi 10 kwa siku, baada ya kupitia taarifa za usalama. Ukiwa unatumia dawa yoyote ya kila siku, mwonyeshe mfamasia au daktari kichupa hicho kabla ya tone la kwanza.

Zipo hali ambazo hazisubiri krimu ya aina yoyote. Mwenye pumu ya ngozi akitoka vidonda vidogo vya mviringo vinavyofanana, tena vinavyouma, pamoja na homa, hivyo ni virusi vya malengelenge vilivyosambaa na anahitaji dawa ya virusi siku hiyohiyo, hasa vikiwa karibu na macho. Usaha, maganda ya rangi ya asali na joto linaloenea ni dalili za bakteria. Na mtu ambaye ngozi ya karibu mwili mzima imevimba, inabanduka, huku akitetemeka kwa baridi, apelekwe hospitali usiku huohuo.